Simu ya Mama Haikufa

Mdogo wangu mpenzi, Nusu Saa,

Pokea salamu zangu, dada yako, na nyingine kutoka kwa Mama, ambaye amekaa hapa karibu anamenya viazi na kujifanya hatazami ninachoandika. Hujambo? Kifua kile cha utotoni kimekuacha, au bado kinakuamsha alfajiri? Unakula vizuri? Sisi tuliopo hatujambo. Mama magoti yanamsumbua hali ya hewa ikibadilika, lakini macho bado ni makali, jana tu ameliona vumbi nililoliacha juu ya kabati nikidhani nimemaliza kazi. Mimi nimenenepa kidogo, usicheke. Bado ni mtunza stoo wa shule ileile, na bado hakuna kijiko kinachotoka stoo bila sahihi ya mtu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu namba yako sina. Nyuma ya bahasha yako kulikuwa na sanduku la posta tu, nami nitampa barua hii dereva yuleyule wa lori aliyeleta mzigo wako. Ni barua ndefu. Isome ukiwa umekaa, na uisome kwa mfuatano, usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu. Nikianza na la mwisho utaichana kabla hujanielewa.

Mzigo ulifika salama, ila mimi ndiye niliyeuchelewesha. Yule dereva aliuleta shuleni mchana, nikamhoji hadi akaniuliza kama nimeajiriwa na shule au na polisi. Nilitaka kujua nani amempa, amevaa nini, ana ndevu au hana, alikuwa peke yake au na watu. Alisema ni mtu mpole, mwembamba, anayefanya kazi kwenye karakana ya mashine, na kwamba aliufunga mzigo mwenyewe huku akiomba radhi kwa usumbufu. Nikajiambia huyo si ndugu yangu. Ndugu yangu tangu lini akaomba radhi?

Nikaufungulia stoo, mlango nimeufunga kwa ndani. Humo nikakuta simu kubwa ya kioo, nzuri kuliko ya mwalimu mkuu, na kikaratasi chako. Ninacho hapa, nanakili: “Dada, simu ya Mama imekufa. Mpeni hii. Haijafungwa na mtandao wowote, itakubali laini ya huko. Baba msimwambie imetoka kwangu.”

Unanijua. Wengine wakipewa zawadi husema asante, mimi huigeuza nione chini kumeandikwa nini. Miaka minane hatujaonana, halafu inakuja simu ya bei mbaya bila hata salamu kwenye kikaratasi! Mgongoni ina mikwaruzo, pembeni ya kioo ina ufa mwembamba kama unywele, kwa hiyo si mpya. Ya nani? Aliyekuwa nayo yuko wapi? Na hilo neno “imekufa” ndilo lililoniondolea usingizi kabisa. Simu ya Mama haikuwa imekufa. Ile ya vitufe, unayoikumbuka, ilikuwa inaita kwa kelele hadi jirani anatoka nje. Mimi mwenyewe nilikuwa nampigia kila siku kumkumbusha dawa. Sasa wewe uliye mbali huko, nani alikuambia imekufa? Na kwa nini akuambie uongo? Kuhusu lile la Baba msimwambie, nilipolisoma hasira zilinipanda. Sababu utaijua mbele, vumilia.

Basi nikafanya ninachofanya na kitu chochote kisicho na hati. Nikaifunga kwa gazeti, nikaiweka rafu ya juu kati ya mablanketi ya bweni, nikabandika karatasi: Mali ya kuchunguzwa. Ikakaa wiki tatu. Mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye fundi wetu wa kila jambo, aliniambia kuna simu zinazotumwa kwa watu ili wasikilizwe wanachosema ndani ya nyumba zao. Nilimuuliza nani atakayetaka kunisikiliza mimi nikihesabu mashuka. Akasema ndiyo maana wasikilizaji hawashukiwi. Nikaona ana akili sana yule bwana.

Ingekuwa bado iko kati ya mablanketi kama yule dereva asingekutana na Mama sokoni na kumuuliza simu aliyotumiwa na mwanawe anaionaje. Mama alikuja stoo kwa miguu yake, na magoti yale. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema anataka kitu chake, na anataka kiwe kinafanya kazi kabla ya Ijumaa saa kumi. Nikamuuliza Ijumaa kuna nini. Akasema hakuna kitu. Nikamuuliza ile ya vitufe ina kasoro gani. Akasema ile imechoka, pengine watu hawampati. Watu gani, Mama? Akanitazama kwa jicho lile alilokuwa akitutazama nalo tukiwa na homa, akasema watu ni watu. Nikajua ananificha kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni, na nikaanza kumshuku hata mama yangu mzazi.

Siku ya pili nikaenda ofisi ya mtandao. Huku kwetu mitandao mikubwa bado inaishia barabara kuu, tunaoishi bondeni tunategemea kamtandao ketu kadogo, kale kenye minara minne, ukivuka mto tu unaongea peke yako. Ofisi yao bado ni chumba kimoja ubavuni mwa duka la misumari, na mhudumu ni dada mmoja tunayemwita Subiri Kidogo, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Aliniambia simu iliyotoka nje ya bonde haiwashwi hivihivi tu. Lazima namba yake ya kuzaliwa, ile ya kiwandani, iandikwe kwanza kwenye orodha yao. Laini ya Mama nayo ni kadi kubwa ya zamani, haiingii, itabidi wamkatie ndogo yenye namba ileile. Halafu mipangilio ya intaneti aiandike yeye kwa mkono, maana simu za nje haziijui njia ya huku. Akataka aishike simu. Nikakataa kuiachia, basi tukawa tumeishika wote wawili, mimi huku yeye kule, anabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli kwa kidole kimoja.

Namba ndefu ikatokea. Akaiingiza kwenye kompyuta, akasema subiri kidogo, na uso wake ukawa wa kushuku kama wangu. Akasema simu hii si ngeni. Imekuwa kwenye minara yetu mwaka mzima na zaidi, mpaka mwezi wa kumi na mbili uliopita, kwa laini ya mtu mwingine. Akaniuliza nimeipata wapi.

Mdogo wangu, mimi ninayewauliza watu wamepata wapi vitu vyao, siku hiyo niliulizwa mbele ya foleni nzima! Nikasema ni ya ndugu yangu, yuko mbali, hajakanyaga bonde hili miaka minane. Akasema basi ama ndugu yangu ni mwongo ama simu ni ya wizi. Nikarudi nyumbani roho juu, nimeshakuhukumu na kukufunga. Nilichoshindwa kuamua ni kosa lipi tu: umeiba, au ulikuwa bondeni humu humu mwaka mzima ukatupita kama watu baki.

Subiri Kidogo alikuwa ameniambia nirudi na mwenye laini, kwa ajili ya alama ya kidole, na kwamba hatatutajia mwenye ile laini nyingine, ila sisi tukiitaja namba iliyokuwa kwenye simu, yeye atasema ndiyo au siyo. Ikiwa ndiyo, ataamini tumepewa na mwenyewe. Alhamisi nikampeleka Mama. Nilimkalisha kwenye benchi na mkoba wake magotini, nikaenda dirishani kubishana. Nikamwambia yule dada utaratibu wake ni wa kipuuzi, mtu atajuaje namba ya mtu aliyemkimbia. Sauti imenipanda, watu wameanza kugeuka, ndipo nikamsikia Mama nyuma yangu anaitaja namba. Aliitaja yote, taratibu, bila kusita popote, kama mtu anayeita watoto wake waje kula.

Subiri Kidogo akatazama kompyuta akasema ndiyo.

Nami ile namba niliijua. Sikuijua kwa sababu ni yako. Niliijua kwa sababu imo kwenye daftari langu la stoo, ukurasa wa mwisho, nilipoandika juu kabisa: Washukiwa.

Mama aliweka kidole kwenye kioo chao cha kusomea vidole mara mbili, maana mara ya kwanza kilikataa, alama zimefutika kwa kazi. Kadi ndogo ikaingia, mipangilio ikaandikwa, simu ikawaka na mistari minne juu. Mimi nilikuwa nimesimama tu. Tulipotoka akaomba tukae kwenye kizingiti cha duka la misumari, apumzishe magoti, na hapo ndipo aliponieleza habari ambayo wewe unaijua na mimi nilikuwa siijui.

Alisema ulikuwa unapiga kila Ijumaa saa kumi, ukijua niko kazini. Kwamba ulikuwa huongei. Simu ya kwanza alisema haloo mara tatu, kisha akasikia unavyokohoa, akajua. Akaanza kukupa habari za nyumba kana kwamba umemuuliza. Kwamba Baba alikuwa pale pale kwenye meza yake ya kutengenezea saa, na tangu wiki ya tatu, ikifika saa kumi, aliipunguza redio mwenyewe. Hakusema kwa nini. Mama naye hakumuuliza. Aliweka sauti ya simu nje na kuilaza katikati ya meza.

Sote tunaijua ile kauli ya Baba, kwamba anayeanza kuongea ndiye mwenye makosa. Ndiyo uliyoondoka nayo siku ile alipokuambia kamani, springi ya saa ya mteja, haiwezi kupotea yenyewe, na kwamba fundi asiyeaminika hana nafasi mezani kwake. Nilikuwepo. Nilikuwa upande wake, na nilikagua hadi begi lako. Sasa Mama ananiambia kamani ilipatikana miaka mingi baadaye, siku meza iliposogezwa, imenasa kwenye ufa wa ubao kwa chini. Kwamba yeye ndiye aliyekutangazia Ijumaa moja, na Baba aliinamisha kichwa, na wewe kule ulipumua kwa muda mrefu halafu ukakata. Mkaendelea hivyo, wanaume wawili mnasikilizana pumzi, kila mmoja anamngoja mwenzake, na mama wa watu anaongea kwa niaba ya wote watatu. Kwa ukaidi mmefanana nyinyi, hamhitaji kipimo cha hospitali.

Sasa niseme, maana nimezunguka vya kutosha.

Mwaka jana, Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, maji yalikatika shuleni, tukaruhusiwa mapema. Nilifika nyumbani saa kumi na robo. Kabla sijabisha nikamsikia Mama dirishani akiiambia simu: vumilia, Ijumaa ijayo mzee mwenyewe ataishika, ukimsikia usikate. Nikachungulia, nikamwona Baba ameinama, redio imenyamaza, na kule kwenye simu hakuna anayejibu. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri matapeli. Wale wanaoanza na bibi wa watu kwa upole, Ijumaa hadi Ijumaa, mpaka wamfikie mzee mwenye hati ya nyumba. Sikuuliza. Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto, lakini mimi nilijiona nimeshajua. Jioni Mama alipokwenda kuoga nikaichukua simu yake, nikaiona namba moja imepiga kila wiki kwa zaidi ya mwaka. Nikaiandika kwenye daftari. Kisha nikaizuia, ndugu yangu. Nilibonyeza kwa kidole changu hiki kinachoshika kalamu, simu ikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo. Nikajipongeza kwamba nimewaokoa wazazi wangu.

Ijumaa iliyofuata Baba alinyoa ndevu mchana. Mama anasema aliomba simu aiweke mkononi mwake, akaishika tangu saa kumi kasorobo hadi saa kumi na moja. Haikuita. Akasema labda mtoto ana kazi. Ijumaa ya pili akaishika tena. Alifanya hivyo Ijumaa tano, redio ikiwa chini, na hakulalamika hata mara moja. Jumanne iliyofuata aliamka na maumivu ya kifua, na kabla ya saa sita mchana Baba yetu alikuwa amefariki.

Pole, mdogo wangu. Pole sana. Najua hukujua. Sasa najua. Nilituma barua kwenye ile anwani yako ya zamani, ikarudi na muhuri, nikaificha, nikawaambia ndugu wote kwamba umeambiwa na umekataa kuja. Ndivyo ulivyoitwa mtoto asiyemzika baba yake, na aliyelianzisha jina hilo ni mimi. Ulipoandika Baba msimwambie, nikaona unamdhihaki marehemu. Kumbe ulikuwa unamwandikia mtu aliye hai.

Na lile la simu kufa. Ulipiga, ukaambiwa haipatikani, ukapiga tena wiki baada ya wiki, ukadhani chombo kimeharibika. Haikukupitia akilini kwamba kuna mtu kakuzuia. Mwezi wa kumi na mbili ukahama bonde na bado ukafunga simu yako mwenyewe, pengine ndiyo pekee uliyokuwa nayo, ukamtumia Mama ili akupate. Katika nyumba yetu yote, aliyefukuzwa kwa kutoaminika ndiye pekee asiyejua kushuku watu. Mimi niliyekuwa nikitafuta kikulacho kwenye kila nguo ya mtu, sikuikagua yangu.

Jana asubuhi nilimwambia Mama. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, kama ninavyowasimamisha watoto wanaovunja vyombo. Nilitaka anipige hata kofi. Hakunipiga. Unajua miezi yote hii aliamini nini? Aliamini umechoka. Aliamini ni yale maneno yake, kwamba mzee atakusemesha, yaliyokutisha ukaacha kupiga, na amekuwa akijilaumu peke yake bila kutuambia. Akasema tu, kumbe hakuchoka. Akarudia, kumbe mtoto hakuchoka. Halafu akanyoosha mkono, akaniuliza kama simu imejaa chaji.

Saa kumi akapunguza redio. Akailaza simu yako katikati ya meza ya Baba, nami nikakaa kwenye kiti cha Baba kwa kuwa Mama aliniamuru. Tulijua huwezi kupiga, simu yako tunayo sisi na barua nilikuwa bado sijaiandika. Tulikaa tu hadi saa kumi na moja. Nimeomba ruhusa shuleni, Ijumaa zote nitakuwa hapo.

Namba ya Mama ni ileile, umeizoea. Kile kizuizi kimebaki kwenye simu ya vitufe, nayo nimeitoa betri. Azima simu ya yeyote hapo karakana, upige Ijumaa, hata ukichelewa nusu saa kama kawaida yako, tutakuwa tunangoja. Usipotaka kusema neno, usiseme, Mama anajua kuongea na pumzi zako. Usipotaka kabisa kunisikia mimi, kohoa mara mbili, nitatoka nje. Lakini njoo nyumbani. Kaburi nitakupeleka mwenyewe, na ndugu wote nitawaambia ukweli kabla hujafika, mmoja mmoja, kwa mdomo huu uliokuchafua.

Mama anasema uvae sweta, na anauliza kama bado unakunywa chai bila sukari. Nisalimie watu wa karakana, na mwambie yule dereva kwamba sitamhoji tena, au nitamhoji kidogo. Mungu akulinde na akufikishe.

Baba alikuwa akisema anayeanza kuongea ndiye mwenye makosa. Basi, ndugu yangu, mimi nimeanza.

Ni mimi dada yako,
Mama Stoo